Kisenge: Historia ya kashne, na sababu pua haipaswi kubaki nje

KISENGE, Lualaba – Kwenye kituo cha afya, benchi ni moja kwa wote. Mama aliyeleta mtoto kuchanjwa, mwenye mimba aliyekuja kupimwa, mzee mwenye kisukari na kijana anayekohoa tangu wiki tatu, wote wanangoja bega kwa bega. Wengine ni wakaaji wa Kisenge tangu kuzaliwa. Wengine walifika wakikimbia fujo mahali pengine, na usiku wanalala wengi katika chumba kimoja. Hakuna anayejua jirani yake ana ugonjwa gani. Ndiyo maana historia ya barakoa, au kashne kama wengi wanavyoiita, inawahusu wote wanaokaa kwenye benchi hilo.

Barakoa ya lopitali haikuanza na Covid-19. Katika mwaka wa 1897, katika mji wa Breslau, uliokuwa wakati ule wa Ujerumani, mtaalamu Carl Flügge alionyesha kwamba mtu akisema tu, bila hata kukohoa, mdomo wake unatoa matone madogo ya mate yenye vijidudu. Munganga wa upasuaji Johann Mikulicz, wa mji huohuo, akaanza kufunga kitambaa mdomoni wakati wa kupasua. Hakufanya hivyo kwa kujilinda mwenyewe. Alikuwa analinda kidonda cha mgonjwa.

Mwisho wa mwaka wa 1910, tauni ya mapafu iliingia Harbin, kaskazini ya China, na kusambaa kwa njia ya reli. Watu karibu 60.000 walikufa. Munganga Wu Lien-teh aliona kwamba ugonjwa ule unapita katika pumzi, akaamuru wanganga, wauguzi na wagonjwa wavae kitambaa chenye pamba katikati. Munganga Mfaransa, Gérald Mesny, hakusadiki. Aliingia kwa wagonjwa bila kufunika mdomo, na mwezi wa Januari 1911 alikufa baada ya siku chache tu. Tangu hapo wengi walianza kumsikiliza Wu.

Katanga nayo inajua namna ugonjwa unavyopanda treni. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katika mwaka wa 1910. Miaka minane baadaye, homa kubwa ya 1918 ilipita njia hiyohiyo kutoka kusini, ikaua watu wengi mjini na katika kambi za wafanyakazi wa machimbo. Mwaka huohuo, huko San Francisco, Marekani, wakubwa wa mji waliamuru kila mtu avae barakoa. Asiyevaa alilipa faini au alifungwa. Wengi walivaa kwa kuogopa polisi, na wengine waliishusha kidevuni ili wavute sigara.

Kisenge yenyewe ilikua kwa sababu ya manganezi na reli ya kwenda Angola, iliyounganishwa na ya Katanga katika mwaka wa 1931. Vita vya Angola viliifunga njia hiyo katika mwaka wa 1975. Mwezi wa Machi 1977 vita vilifika Kisenge kwenyewe, na jamaa nyingi zikakimbia. Mahali kama hapa, penye machimbo, mpaka karibu na watu wanaokuja na kuondoka, ugonjwa wa pumzi haukosi njia.

Tarehe 10 Machi 2020, serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 Kinshasa. Tarehe 24, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura, na mipaka ikafungwa. Kuanzia tarehe 20 Aprili, Kinshasa ilidai barakoa kwa kila mtu, na asiyevaa alitozwa franka 5.000. Yaliyotokea San Francisco yakarudi: kashne ilikaa mfukoni, ikatoka polisi alipoonekana, kisha ikashuka kidevuni. Watu walijifunza kuogopa faini kuliko kuelewa sababu ya kitambaa.

Sababu ni ileile ya 1897. Kitambaa kinashika matone yanayotoka mdomoni na puani kabla hayajamfikia jirani. Pua ikibaki nje, njia imebaki wazi, kwa sababu mtu anapumua na kupiga chafya kwa pua. Tarehe 5 Juni 2020, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu.

Namna ya kuivaa ni nyepesi. Nawa mikono kwanza. Funika pua, mdomo na kidevu. Usishike sehemu ya mbele, na usiishushe unapoongea na muuguzi. Unapoitoa, shika kamba zake, kisha nawa tena. Ile ya kitambaa ifuliwe kila siku kwa sabuni na ikauke vizuri. Ile ya duka la dawa ni ya kutumia mara moja, ikilowa, itupwe. Haiazimwi, hata kati ya ndugu. Mtoto wa miaka mitano au chini yake halazimishwi kuvaa.

Tarehe 5 Mei 2023, OMS ilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya dunia kwa Covid-19. Lakini kifua kikuu hakikuondoka, na Congo ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kinapita katika hewa, zaidi katika chumba chenye madirisha yaliyofungwa. Anayekohoa tangu wiki mbili au zaidi aseme mara tu anapofika, avae barakoa, angoje nje penye hewa, na apimwe makohozi. Akianza dawa na kuzimaliza bila kuruka siku, anapona.

Kwa hiyo, anayekohoa akivaa kashne kwenye benchi asionewe haya, wala asikimbiwe kama mwenye laana. Yeye ndiye anayemlinda mtoto wa jirani aliyekuja kuchanjwa.