Spidi ilipatikana kwanza, kii ikachelewa

Testi zimeisha, nimelala, nimeamka, sasa naweza kuandika. Juzi hapa hosteli kulikuwa na ubishi mpaka usiku wa manane. Mshkaji mmoja kashikilia kwamba kuchanganya nyimbo kwa kii ni mambo ya kompyuta, eti madiji wa zamani walikuwa wanalinganisha mdundo tu, basi. Mimi nasema wazee wanaonewa. Tatizo halikuwa masikio yao, lilikuwa mashine.

Tuanzie New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kulikuwa na klabu inaitwa Sanctuary, jengo lake lilikuwa kanisa zamani (ndiyo, kanisa!). DJ wa pale, Francis Grasso, ndiye anayetajwa sana kwenye habari ya kuunganisha midundo. Alikuwa anaizuia santuri kwa kidole huku sahani inazunguka chini yake, halafu anaiachia pale pale kwenye pigo. Na kumbuka ngoma za wakati ule zilipigwa na binadamu, spidi inapanda na kushuka ndani ya wimbo huo huo. Kazi kweli kweli.

Mwaka 1979 ikaja Technics SL-1200MK2, yenye kile kidude cha pembeni cha kusukuma juu na chini: spidi inaongezeka au kupungua hadi asilimia 8. Madiji wakashangilia. Lakini hapo hapo ndipo palipo na mtego. Santuri ukiizungusha haraka, wimbo unakwenda haraka NA sauti inapanda. Huwezi kupata kimoja ukaacha kingine. Piga hesabu: asilimia 6 ni karibu sawa na nusu toni nzima. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, uko kwenye A maina. Usukume asilimia 6, unapata mapigo 127, na sasa hauko tena A maina, uko B flati maina. Waliowahi kuimba kwaya watanielewa: mwalimu kawapa do, mmeishika vizuri, halafu mpiga kinanda kaanzia noti ya jirani. Ndivyo ilivyokuwa. Unasikiliza santuri mbili nyumbani, zinapatana kabisa. Ukizilinganisha spidi, zinagombana.

Enzi za disko ungeweza kujificha. Mwaka 1976 lebo ya Salsoul ilitoa "Ten Percent" ya Double Exposure kwenye santuri ya inchi 12, Walter Gibbons akiwa ameurefusha wimbo kwa ajili ya wachezaji. Santuri ndefu za namna hiyo zikawapa madiji sehemu za ngoma tupu, na ngoma tupu haziumizi sikio kwa habari ya kii. Unapitisha mdundo juu ya mdundo, unatoka salama.

Halafu Chicago. Frankie Knuckles alihamia huko kutoka New York mwaka 1977 kupiga kwenye klabu ya Warehouse, na jina la house linatokana na klabu hiyo. Mashine za ngoma zikaingia, spidi ikatulia kama saa. Lakini mwaka 1986 Larry Heard, akijiita Mr. Fingers, akatoa "Can You Feel It", ambamo kinanda kinatanda karibu wimbo wote, sauti tatu nne zimepangwa pamoja, na besi yenyewe inaimba. Hiyo ndiyo deep house, na humo hakuna pa kujificha. Rimiksi mbili za aina hiyo zikikaa pamoja dakika nzima huku zimeachana nusu toni, ni kama redio mbili kwenye daladala moja.

Dawa ilikuja kwa mafungu mawili. La kwanza ni gurudumu la Camelot la Mark Davis: kii zote zimepewa namba 1 mpaka 12, herufi A kwa maina, B kwa meja. A maina ni 8A. Majirani zake ni 7A, 9A na 8B, ambao wana noti karibu zote sawa na zake. Ile B flati maina yetu? 3A. Asilimia 6 tu, mmeshaachana hatua tano! Fungu la pili ni mashine za CD na programu zinazobadili spidi bila kugusa kii. Mwaka 2006 ikatoka Mixed In Key, inakusomea namba ya kila wimbo.

Ila jamani, programu nayo hukosea, hasa kwenye deep house ambako kinanda kinayumba kati ya kii mbili. Na DJ anayekaa 8A usiku kucha atalaza watu.

Sasa turudi kwa mshkaji wangu. Kutoka mapigo 120 kwenda 122 ni asilimia 1.7 hivi, haifiki hata theluthi ya nusu toni. Masikio ya watu wengi yanavumilia. Kwa hiyo mtu mwenye santuri tu, akichagua nyimbo zilizokaribiana spidi, alikuwa na uwezo wa kulinda kii bila kompyuta yoyote. Jaribuni wenyewe: rimiksi mbili za 8A, moja ya 120 na moja ya 122, zimeni kile kitufe cha kushikilia kii. Mkimaliza, ile ya 120 isukumeni mpaka 127 mkiwa na 8A nyingine ya 127, halafu mniambie besi inasema nini.