Msimu wa mwanariadha wa triathloni: Miezi 15 ya Kristian Blummenfelt

Triathloni ni mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia katika shindano moja. Saa haisimami tangu mlio wa kuanzia hadi mstari wa mwisho. Hata muda wa kuvua miwani ya kuogelea, kuvaa kofia ngumu na kubadili viatu huhesabiwa. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingizwa mwaka 2000 mjini Sydney, mwanariadha huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Mashindano ya Ironman ni marefu zaidi: kilomita 3.8 majini, kilomita 180 kwa baiskeli, kisha marathoni kamili ya kilomita 42.2. Ipo pia nusu yake, iitwayo Ironman 70.3, ambayo ilifanyika Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, mwezi Agosti 2022.

Tofauti kati ya mashindano hayo haiishii kwenye kilomita. Katika Olimpiki mwendesha baiskeli anaruhusiwa kujificha nyuma ya wenzake ili wamkinge na upepo, hivyo mashindano huwa ya kundi na mara nyingi huamuliwa katika mbio za miguu. Katika Ironman jambo hilo ni marufuku na lina adhabu. Kila mmoja hupambana na upepo peke yake kwa saa nne au zaidi. Kwa sababu hiyo wanariadha wengi wa kulipwa walizoea kutumia miaka yao ya ujana katika masafa mafupi, na kuhamia masafa marefu umri unaposogea na kasi inapopungua.

Kristian Blummenfelt, aliyezaliwa Bergen nchini Norwei mwaka 1994, hakufuata utaratibu huo. Kati ya Julai 2021 na Oktoba 2022 alishiriki mashindano ya aina zote tatu na kutwaa taji kubwa katika kila moja. Miezi hiyo 15 inaonyesha vizuri namna msimu wa mwanariadha wa kulipwa unavyopangwa, na pia gharama ambayo mwili hutozwa.

Mwanzo ulikuwa Tokyo, tarehe 26 Julai 2021. Shindano lilipangwa kuanza saa 12:30 asubuhi ili kuukwepa ukali wa joto, lakini mlio ulitolewa wakati mashua ingali mbele ya sehemu ya waogeleaji, ikabidi waliokwisha kujitosa warudishwe na kuanza upya. Blummenfelt alijitenga na wenzake katika kilomita ya mwisho ya mbio na kushinda kwa saa 1, dakika 45 na sekunde 4, akiwa sekunde 11 mbele ya Alex Yee wa Uingereza. Alianguka chini baada ya mstari wa mwisho, akatapika, na kuondolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Mwezi uliofuata, mjini Edmonton nchini Kanada, alikamilisha mfululizo wa mashindano ya dunia ya masafa mafupi na kuwa bingwa wa dunia wa mwaka huo.

Mwanariadha mwingine angepumzika hadi mwaka mpya. Yeye alikwenda Cozumel, nchini Meksiko, mwezi Novemba, kushiriki Ironman kamili kwa mara ya kwanza, na kumaliza kwa saa 7, dakika 21 na sekunde 12, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia katika Ironman. Muda huo unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mkondo wa bahari wa Cozumel uliwasukuma waogeleaji, na kuogelea kwake kulichukua dakika 39 na sekunde 41 tu. Hata hivyo marathoni aliyoikimbia baada ya hapo, ya saa 2, dakika 35 na sekunde 24, haikusaidiwa na mkondo wowote.

Maandalizi ya matokeo hayo yalisimamiwa na Olav Aleksander Bu, kocha mwenye taaluma ya uhandisi, ndani ya timu ya taifa ya Norwei iliyojengwa na Arild Tveiten. Msingi wa mbinu yao ni kupima. Wakati wa mazoezi, tone la damu huchukuliwa ili kupima kiwango cha laktati, kemikali ambayo misuli huizalisha kwa wingi kadiri kazi inavyokuwa kali. Mwanariadha hutakiwa kufanya kazi karibu na mpaka ambao mwili bado unaweza kuiondoa laktati kwa kasi ile ile inayozalishwa. Akiuvuka mpaka huo, kocha humwamuru apunguze, hata kama mwenyewe anajisikia mwenye nguvu. Hapo ndipo penye nidhamu ngumu kuliko zote, kwa kuwa kijana mwenye ari huona kupunguza mwendo kuwa ni kushindwa. Faida yake ni kwamba kazi kali inaweza kufanywa asubuhi na kurudiwa jioni ya siku hiyo hiyo, wiki baada ya wiki, bila mwili kuvunjika.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika milimani. Kambi inayotumiwa mara kwa mara na timu hiyo iko Sierra Nevada, kusini mwa Hispania, mita 2,320 juu ya usawa wa bahari. Wakimbiaji wa Iten nchini Kenya huamka kila siku katika mwinuko unaokaribiana na huo. Mtu wa Bergen, mji wa bandari, hulazimika kuufuata kwa majuma kadhaa ili mwili wake uongeze chembe nyekundu za damu. Tumbo nalo hufundishwa. Katika mashindano ya saa saba au nane mwanariadha hula na kunywa wanga mwingi akiwa katika mwendo, na tumbo lisilozoea hukataa hata kama miguu ingali na nguvu.

Tarehe 7 Mei 2022 Blummenfelt alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman mjini St. George, jimbo la Utah nchini Marekani, kwa saa 7, dakika 49 na sekunde 16. Ulikuwa ubingwa wa mwaka 2021 uliocheleweshwa na UVIKO-19, na kwa mara ya kwanza ulifanyika nje ya Hawaii. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Juni, alikuwa katika uwanja wa mbio za magari wa Lausitzring nchini Ujerumani, kwenye jaribio la kumaliza masafa ya Ironman chini ya saa saba. Alitumia saa 6, dakika 44 na sekunde 25. Muda huo hauhesabiwi kuwa rekodi, kwani kila mshiriki aliruhusiwa wasaidizi 10 wa kumkinga na upepo na kumwongoza. Ni sahihi kuuchukulia kama jaribio la uwezo wa mwili wa binadamu, na kuutenga na matokeo ya mashindano.

Mwezi Oktoba ulifika ubingwa wa Kona, Hawaii. Hapa ndipo kipimo kigumu kilipotokea. Gustav Iden, Mnorwei mwenzake wa Bergen ambaye alikuwa akifanya naye mazoezi chini ya mpango ule ule, alishinda kwa saa 7, dakika 40 na sekunde 24. Sam Laidlow wa Ufaransa alikuwa wa pili, na Blummenfelt wa tatu kwa saa 7, dakika 43 na sekunde 23. Siku 21 baadaye alirudi St. George na kushinda ubingwa wa dunia wa Ironman 70.3. Hivyo akawa mwanamume wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, ubingwa wa dunia wa masafa mafupi, wa Ironman na wa Ironman 70.3.

Upo wajibu mmoja ambao haumo katika ratiba ya mashindano. Mwanariadha wa ngazi ya juu aliyeandikishwa katika orodha ya upimaji wa dawa zilizokatazwa hutakiwa kueleza mapema mahali alipo, na kutaja dakika 60 za kila siku ambazo anaweza kupatikana bila taarifa. Akikosekana au kushindwa kutoa taarifa mara tatu ndani ya miezi 12, hilo ni kosa linaloweza kumfungia. Kanuni hiyo inawahusu pia wakimbiaji wa Afrika Mashariki, na haitambui safari ya ghafla wala simu iliyozimika.

Baadaye Blummenfelt alirejea katika masafa mafupi kutetea dhahabu yake katika Olimpiki ya Paris. Shindano la wanaume liliahirishwa kwa siku moja, kutoka 30 hadi 31 Julai 2024, kwa sababu maji ya Mto Seine hayakufikia viwango vya usafi. Yee alishinda, Blummenfelt alimaliza wa 12. Kasi inayotakiwa katika kilomita 10 za mwisho, mwili uliojengwa kwa ajili ya saa nane hauirudishi kwa urahisi. Siku 18 baadaye alishinda Ironman ya Frankfurt.

Septemba 2025, katika ubingwa wa dunia wa Ironman uliofanyika Nice nchini Ufaransa, nafasi zote tatu za kwanza zilichukuliwa na Wanorwei: Casper Stornes alikuwa wa kwanza, Iden wa pili na Blummenfelt wa tatu.