Mpangaji kwenye Njia ya Shehena: Treni za Mjini Dar es Salaam

Jiji la Dar es Salaam lina reli za geji tatu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 ili shaba ya Zambia ipate bandari, ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, SGR, ina milimita 1,435. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa bahati mbaya ya historia. Mimi naliona kuwa ushahidi. Kila reli ilikuja na vipimo vya wakati wake na malengo ya walioigharamia, na zote tatu zilichorwa zikielekea bara. Mkazi wa Buguruni anayewahi kazini Kariakoo hakuwamo katika ramani yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo, katika makala hii nashikilia kwamba unyonge wa treni za mjini hautokani hasa na uchache wa mabehewa, ambao ndio husemwa sana. Unatokana na haki ya kutumia njia: nani apite, saa ngapi, na nani amsubiri mwenzake.

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Mfanyakazi wa reli aliyeishi Gerezani alikwenda kazini kwa miguu. Mji ulipotanuka ulifuata barabara za Morogoro, Pugu, Kilwa na Bagamoyo, na usafiri wa umma ukawa wa mabasi. Shirika la mabasi la UDA liliposhindwa kuumudu umati, serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, ndipo zikaja daladala na zile "chai maharage" ambazo abiria walikaa wakitazamana goti kwa goti. Reli nayo ilikuwa na mitihani yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika la reli la pamoja likagawanywa. Mwaka 2007 Reli ya Kati ikakodishwa kwa kampuni ya RITES ya India, kisha ikarudi mikononi mwa serikali. Katika misukosuko hiyo yote swali lililoulizwa lilikuwa la tani za mizigo.

Treni za mjini zilianza Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na watu wakaziita kwa jina lake bila kungoja ruhusa ya mtu. Moja ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa kupitia Kamata, Buguruni na Tabata. Nyingine ilipita katika njia ya TAZARA hadi Mwakanga. Baadaye Reli ya Kati iliongeza safari za Pugu. Zilikwenda asubuhi na jioni, saa ambazo foleni ya barabarani humfanya mtu atoke nyumbani kabla ya alfajiri. Abiria walisimama wakiwa wamebanana, lakini walifika. Kwenye makutano ya reli na barabara, daladala zilisubiri nao wakapita. Kwa mara moja katika historia ya jiji hili aliyesimamishwa alikuwa mwenye gari.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Reli ya Kati ni ya njia moja, na treni mbili zinazokabiliana hupishana stesheni tu. Tuchukue mfano wa kukadiria: ikiwa kipande kati ya sehemu mbili za kupishania huchukua dakika 12, treni ya kwenda na ya kurudi huhitaji dakika 24, na dakika chache za usalama juu yake. Hapo haziwezi kupita zaidi ya treni mbili kwa saa kila upande, hata ukinunua vichwa vya treni mia. Treni yenye abiria 1,000 ingebeba 2,000 kwa saa. Basi la mwendokasi la watu 140, likipita kila baada ya dakika mbili, lingebeba 4,200. Basi halishindi kwa ubora wa chombo. Linashinda kwa sababu lina njia yake, ya kwenda na ya kurudi. Na katika njia hiyo moja ya reli treni ya mjini ni mpangaji: inapochelewa treni ya mizigo au ya Kigoma, ratiba ya watu wa Pugu nayo huvurugika.

Nairobi inatoa kipimo kizuri cha hoja hii, maana mji huo ulizaliwa na reli mwaka 1899 na bado ulibaki na tatizo lile lile. Wiki chache baada ya treni za Dar es Salaam kuanza, Rais Mwai Kibaki alifungua stesheni ya Syokimau. Kenya ilipotaka treni za abiria wa mjini mwaka 2020 ilinunua zilizotumika huko Mallorca, Hispania. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali wa kununua mitumba, lakini geji ilichangia kuupanga: reli za Mallorca nazo ni za milimita 1,000. Somo lenye manufaa zaidi liko kwingine. SGR ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina stesheni yake ya Nairobi huko Syokimau, nje ya kitovu cha mji. Treni ya geji ndogo ndiyo huwapeleka abiria wake katikati ya jiji, ikifungamanishwa na ratiba ya ile kubwa. Geji mbili zisizoshikana zinaweza kushikanishwa na saa.

Yupo atakayesema kwamba SGR imeshalimaliza suala hili Tanzania, kwa kuwa tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Sikubaliani naye, ingawa sidharau kazi hiyo. Nauli ya kawaida hadi Morogoro iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000 kwa siku, fedha ambayo kibarua haipati. Tena SGR hupita juu ya mji katika madaraja, na baada ya Stesheni kituo kinachofuata ni Pugu. Vingunguti na Gongo la Mboto huiona ikipita. Reli ya zamani, ile iliyochakaa, ndiyo inayopita mlangoni mwao. Abiria wa safari ndefu wakihamia SGR, nafasi itapatikana katika geji ya zamani, nayo ina thamani kuliko mabehewa mapya: inatosha kuongeza sehemu za kupishania kati ya Stesheni na Pugu na kuandika kisheria kwamba saa 12 hadi saa 3 asubuhi mizigo ndiyo itakayosubiri.

Lakini nani ataandika? Shehena hulipa zaidi ya abiria wa mjini, na mwendesha reli anayetakiwa kujitegemea hawezi kulaumiwa akiipa kipaumbele. Fidia ya njia anayoiachia lazima itoke kwingine. Nairobi ilianzisha NAMATA mwaka 2017 ili mamlaka moja iangalie usafiri wa eneo zima la jiji, ingawa kuwepo kwa mamlaka peke yake hakujaleta treni za kutosha. Dar es Salaam ina DART kwa mabasi yaendayo haraka, TRC kwa Reli ya Kati na SGR, TAZARA chini ya serikali mbili, na LATRA inayodhibiti nauli na leseni. Abiria anayeshuka Ubungo Maziwa akatembea hadi Barabara ya Morogoro kupanda mwendokasi hukata tiketi ya pili kutoka chombo kingine, na hakuna ofisi hata moja inayowajibika kwa safari yake nzima.