Vyungu vya Lyulilo

Jumamosi asubuhi, mgeni aliyelala Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwa ajili ya mchanga na maji hufuata ufuko kwa miguu kuelekea mashariki, akafika Lyulilo. Ni siku ya gulio. Vyungu vimepangwa chini, vikubwa kwa vidogo, na waliovileta ni wanawake wa Kikisi. Vingine vimetoka Ikombe, ng'ambo ya mkono wa milima, vikiwa vimepakiwa kwenye mitumbwi.

Kisa cha biashara hii kiko kwenye ardhi yenyewe. Upande wa Kyela ni bonde pana la mpunga, migomba na kakao. Upande wa Wakisi milima inashuka karibu hadi ziwani, pa kulima ni padogo, lakini udongo wa mfinyanzi upo. Basi Mkisi akavua na kufinyanga, Mnyakyusa wa bondeni akalima, wakabadilishana. Chungu kilikuwa shamba la asiye na shamba.

Milima hiyo inaitwa Livingstone, ingawa Livingstone mwenyewe hakuwahi kufika kaskazini mwa ziwa. Jina lilitolewa mwaka 1877 na balozi mdogo wa Uingereza, Elton, miaka minne baada ya mzee huyo kufa. Mwaka 1891 wakaja wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky. Kisha Wajerumani wakajenga boma la Langenburg huko Lumbila, kwenye mwambao huohuo wa Wakisi, kabla ya kuhamia Tukuyu.

Watawala wamepita, ufinyanzi umebaki kwa akina mama, binti akijifunza kwa mama yake. Kule Avanos, Uturuki, mji mwingine unaovuta watalii kwa vyungu, mfinyanzi hukanyaga gurudumu. Mama wa Kikisi hana gurudumu. Mkono ndio unaozungusha, na jicho ndilo linalopima. Chungu kikikauka husuguliwa kikang'aa, kikachomwa mahali pa wazi pasipo tanuru. Moto ukikosewa, kazi ya siku kadhaa inapasuka.

Sufuria na ndoo za plastiki zimepunguza wateja wa jikoni, hilo halina ubishi. Hata hivyo malori bado yanavipeleka vyungu Mbeya na mbali zaidi, vikiwa vimefungwa kwa majani visigongane njiani. Mnunuzi mzoefu hahangaiki na maua yaliyochorwa shingoni. Anakiinua chungu, anakigonga kwa kidole, anatega sikio.