Barabara ya divai iliyojengwa na shida

Neno letu divai lina asili ya Kifaransa, du vin. Anayetaka kuona jinsi wenyewe wanavyoiheshimu na aanzie Dijon, mashariki mwa Ufaransa, kisha ashike barabara ya kusini hadi Santenay. Ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Mkono wa kulia ni mteremko wa mizabibu, wa kushoto ni tambarare, na majina ya vijiji unavyovipita, Gevrey-Chambertin, Vougeot, Nuits-Saint-Georges, ndiyo yaliyobandikwa kwenye chupa za bei kali kabisa.

Wageni humiminika huko kula, kunywa na kutazama majengo ya kale. Mizabibu ya jimbo hili la Bourgogne ni ya kale kweli, lakini safari hii ya kula na kutembea ina umri wa kama miaka mia moja tu, na wengi walioichangia hawakuwa watu wa starehe.

Tuanze na gari: mwaka 1900 Ufaransa nzima haikuwa na magari 3,000. Ndugu wawili wa familia ya Michelin, watengenezaji wa matairi, walijua kwamba tairi la gari lililolala halichakai. Wakachapa nakala 35,000 za kitabu cha kuwaongoza madereva, wakazigawa bure. Mwaka 1926 kitabu hicho kikaanza kutoa nyota kwa mapishi bora, na baadaye nyota tatu zikawa na maana moja: mkahawa unaostahili kufungiwa safari.

Dijon, mji wa haradali, haukubaki nyuma. Mwaka 1921, miaka mitatu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, meya Gaston Gérard alianzisha maonyesho ya chakula. Mwaka huohuo mwandishi Curnonsky na mwenzake Marcel Rouff walianza kutoa vitabu vya mapishi ya majimbo, kimoja baada ya kingine, wakiamini kwamba ladha ya Ufaransa iko vijijini na si Paris peke yake. Husimuliwa kwamba mwaka 1930 Curnonsky alialikwa kwa meya, na mke wa meya akamwaga paprika kwenye sufuria ya kuku kwa bahati mbaya. Akaiokoa kwa divai nyeupe, malai, jibini na haradali. Kuku huyo bado yumo kwenye mikahawa ya Dijon, na amepewa jina la mume. Kwa maoni yangu heshima hiyo ilikuwa haki ya mama aliyeshika mwiko.

Ukifika Vougeot utaona ukuta mrefu wa mawe umezunguka hekta 50 za mizabibu. Ni kazi ya watawa wa Cîteaux, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1098, walioanza kulima hapa katika karne ya 12. Mashinikizo yao makubwa ya mbao ya kukamulia zabibu bado yamesimama ndani. Mapinduzi ya 1789 yaliwanyang'anya shamba, na leo hekta hizo zina wamiliki wapatao 80, wengine wakiwa na mistari michache tu.

Miaka ya 1870 shida ikaja kwa sura nyingine. Kidudu kutoka Marekani, filoksera, kilivamia mizizi na kuua mizabibu shamba kwa shamba. Dawa ikapatikana kulekule kilikotoka: kupandikiza mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la Kimarekani, ambalo lilikuwa limezoea kuishi nacho. Wakulima walipoanza kuinuka, dunia ikaingia kwenye mdororo wa uchumi na divai ikajaa maghalani bila mnunuzi. Mwaka 1934 watu wa Nuits-Saint-Georges wakaunda chama cha kualika wageni waje kuinywa papo hapo, na hadi leo karamu zake hufanyika ndani ya jengo la watawa kule Vougeot. Mwaka 1936 sheria iliwapa wafanyakazi wa Ufaransa likizo yenye malipo. Mwaka uliofuata barabara hii ikatangazwa rasmi kuwa njia ya divai.

Msomaji asiyegusa kileo naye ana lake la kuona, nalo liko Beaune. Mwaka 1443, nchi ikiwa imechoshwa na vita na njaa, Nicolas Rolin, chansela wa Duke wa Bourgogne, na mkewe Guigone de Salins waliwajengea maskini hospitali. Paa lake la vigae vya rangi hung'aa kama mkeka uliosukwa. Ndani kuna ukumbi mrefu wenye safu mbili za vitanda, na mchoro wa Siku ya Hukumu wa Rogier van der Weyden, uliowekwa pale ili wagonjwa wautazame. Wenye mali waliiachia hospitali mashamba ya mizabibu katika wasia zao, mpaka yakafika hekta 60 hivi.

Wagonjwa walihamishiwa hospitali mpya mwaka 1971, na jengo la kale likawa makumbusho. Mashamba hayakuuzwa. Divai ya mashamba hayo hupigwa mnada kila mwaka, Jumapili ya tatu ya Novemba; minada hiyo ilianza mwaka 1859, na fedha zake bado zinaihudumia hospitali ya Beaune.