RAM mbovu huharibu nyaraka kimyakimya

Kompyuta inapozimika ghafla mara kwa mara, wengi hulaumu virusi, kumbe tatizo laweza kuwa kumbukumbu ya muda, maarufu kwa jina la RAM. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana: kipande chenye hitilafu huweza kubadili tarakimu ndani ya faili kabla halijahifadhiwa, na mwenyewe asijue. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu seva za kampuni ya Google ulibaini kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vipande hivyo vilipata makosa kila mwaka. Seva hizo zilikuwa na RAM yenye uwezo wa kusahihisha makosa. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina.

Windows ina programu yake ya kupima RAM, na Memtest86+ hutolewa bure. Ni vyema kuiacha ipime usiku kucha. Likionekana kosa hata moja, vipande vipimwe kimoja kimoja hadi kibovu kibainike.

Anayetaka kuongeza RAM achunguze kwanza aina inayokubaliwa na ubao mkuu. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini pengo la kila moja liko mahali tofauti, hivyo kulazimisha ni kuvunja.