Upepo na Jiko la Akiba

Julai 1887, James Blyth, profesa wa chuo kimoja cha Glasgow, alisimamisha kinu cha upepo kwenye bustani ya nyumba yake ya mapumziko kijijini Marykirk, Uskoti. Kinu kilikuwa na matanga ya kitambaa. Umeme wake ulijaza betri, na betri zikawasha taa za nyumbani. Ulipozidi, Blyth akajitolea kuwawashia wanakijiji taa za barabara kuu. Wakakataa. Umeme huo, walisema, ni kazi ya shetani.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya huyo shetani. Lakini hebu tuziangalie zile betri. Kinu cha kwanza tu, na tayari kilihitaji akiba. Nahodha wa jahazi alikuja Pwani na kaskazi, akangoja, akarudi na kusi. Anayebonyeza swichi hangoji msimu.

Makaa ya mawe nayo hayana msimu. Miaka 5 kabla ya Blyth, mwaka 1882, London ilikuwa imefungua kituo cha umeme cha Holborn Viaduct kilichotumia makaa hayo, na kwa miaka mingi iliyofuata makaa ndiyo yaliyoibeba Uingereza. Hata mwaka 2012 yalitoa karibu 40% ya umeme wake. Kisha, tarehe 30 Septemba 2024, kituo cha mwisho cha makaa, Ratcliffe-on-Soar, chenye uwezo wa megawati 2,000, kikazimwa. Mwaka huohuo upepo ulitoa karibu 30%.

Basi upepo umeshinda? Tusiende mbio. Mwaka 2013 serikali iliongeza tozo kwa hewa ya ukaa, makaa yakawa ghali, na gesi ikachukua sehemu kubwa ya nafasi yake. Matumizi ya umeme nayo yalipungua. Nyaya zilizopita chini ya bahari zilileta umeme wa Ufaransa na, tangu 2021, wa maporomoko ya Norway. Na jioni ya baridi upepo ukitulia, mitambo ya gesi ndiyo inayonguruma. Kupitia minada iliyoanza mwaka 2014, wenye mitambo hulipwa ili wakae tayari tu.

Wapinzani wa upepo huishia hapo: mmeona, mitambo ya zamani bado ipo! Ni kweli ipo. Ila swali lao linahesabu mabomba ya moshi, halihesabu kilichochomwa. Nyumba ikinunua jiko la gesi, jiko la mkaa halitupwi. Linasukumwa uvunguni, mtungi ukiisha linatolewa. Ukihesabu majiko utasema hakuna kilichobadilika. Muulize muuza mkaa. Gunia lililokwisha kwa wiki mbili sasa linakaa miezi.

Ndivyo upepo ulivyofanya Uingereza. Kila saa unapovuma, gesi haichomwi. Mtambo wa gesi wenyewe unabaki, na kuutunza kuna gharama ambayo watetezi wa upepo hawapaswi kuificha. Utaondoka siku itakapopatikana akiba ya kutosha nchi nzima kwa siku kadhaa zisizo na upepo. Blyth alikuwa na akiba ya nyumba moja. Miaka zaidi ya 130 baadaye, kazi iliyobaki ni ileile, ila sasa ni ya mamilioni ya nyumba.